Samadi ya Rajabu

Harufu ya kitambaa kilichoungua ndiyo ya kwanza kabisa ninayoikumbuka katika maisha yangu, kabla hata ya harufu ya mama. Nilikuwa na miaka minne au mitano, sijui sawasawa, maana siku yangu ya kuzaliwa iliandikwa pembeni mwa kitabu na kitabu chenyewe kikaliwa na mchwa. Baba alikuwa fundi cherehani pale Mbugangari, mjini Gisenyi, mpakani na Goma, na asubuhi hiyo alikuwa anapiga pasi suruali nyeupe ya karani mmoja Mbelgiji. Pasi yetu ilikuwa ya mkaa, ina jogoo wa shaba kwenye kifuniko, na mimi nilimpenda yule jogoo kuliko mwanasesere. Basi baba akageuka kumjibu mtu barabarani, salamu tu, na aliporudisha uso, suruali ilikuwa na doa la rangi ya kahawa lenye umbo la pasi, na nyumba nzima ilinuka. Mama alisimama na mchi mkononi. Karani alikuwa anakuja kuichukua saa nne. Baba aliufumua mguu ule wa suruali, akakata, akageuza, akaunga upya, jasho linamdondoka puani, nami nikamvushia uzi kwenye sindano kwa mara ya kwanza kwa sababu yeye hakuthubutu kuacha mkasi. Karani alikuja, akalipa, akaenda zake bila kujua. Toka siku ile baba hakuiweka pasi juu ya nguo ya mtu kabla ya kuisogeza kwanza karibu na shavu lake. Alisema jicho linadanganywa na moto, shavu halidanganywi.

Watu wakinisikia naanza na pasi husema bibi ameshapotea njia. Sijapotea. Nataka mjue kwamba nilikua katika nyumba ambayo mtu alipima joto kwa shavu, ndiyo maana nilipomwona mtu mwingine akifanya vile vile kwa kitu kingine kabisa, nilimpenda siku hiyo hiyo. Mtu huyo aliitwa Rajabu, na kitu chenyewe kilikuwa kijiti kilichochomolewa ndani ya lundo la samadi.

Rajabu hakuzaliwa Rajabu. Alikuwa mtu wa milima ya Kanama, jina lake la kwao Bizimana, na kabla ya kuja kwetu alifanya kazi katika shamba la Mzungu mmoja upande wa Rugerero, kulisha nguruwe. Nalisema hili mapema maana ndilo lililomfuata kama kivuli. Akasilimu, nadhani akiwa na miaka ishirini na kitu, na kwa wakati ule mtu wa milimani akisilimu ndugu zake walisema amekuwa Muswahili, kana kwamba amehama nchi. Baba yake alimwambia asirudi tena kukanyaga ua wake. Kwa hiyo Kanama hapakuwa kwake tena, na kwetu mjini watu walimwita Muislamu wa juzi, kwa mzaha, lakini mzaha una meno. Baba yangu ndiye aliyemshonea kanzu yake ya kwanza na kumpa chumba cha uani. Na katika kukaa kwake uani akamwona shangazi yangu Mwajuma, mdogo wake baba, na Shangazi Mwajuma akamwona yeye, na wote wawili wakawa wanacheka mambo yasiyochekesha.

Baba hakuwa mtu mgumu, ila aliwaogopa watu. Alijua wakisikia amemtoa dada yake kwa mtu wa jana watamsema mpaka kaburini. Akatafuta njia ya katikati. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kazi ya sindano inamshinda, mimi ndiye niliyekuwa macho yake ya kuvusha uzi, na mama alikuwa na kiwanja nyuma ya nyumba, mawe meusi ya volkano matupu, ambapo alijaribu nyanya zikakataa. Baba akamwambia Rajabu mbele ya mama: "Mahari yako iko ndani ya mawe yale. Nipatie nyanya za kutosha shughuli ya Idi na harusi yako mwenyewe, watu wa mtaa wote wale, washibe, waseme huyu ni mkwe. Siku ya tatu ya Idi nawafungisha ndoa." Rajabu akainama akashika goti. Ndivyo mambo yalivyowekwa: nyanya zikifika kwenye sufuria, ana mke na ana kwao. Zisipofika, hana hata pa kurudi. Mimi nilikuwa na miaka tisa na niliyaelewa yote, watoto huelewa, ila hawana la kufanya na walichoelewa.

Alianza na shimo. Wanyarwanda huliita ingarani, shimo la kuozesha takataka za shamba, na serikali ya Wabelgiji ilimlazimisha kila mtu wa kilimani awe nalo, asiye nalo anaadhibiwa, kwa hiyo wengi walilichimba kwa hasira na kulijaza kwa hasira na halikuwapa kitu. Rajabu alilipenda. Alitandaza chini matawi ya miti ili lundo lipate pumzi. Juu yake majani makavu ya migomba, kisha majani mabichi ya maharage na magugu kabla hayajatoa mbegu, kisha samadi ya ng'ombe aliyoibeba kichwani kutoka Rugerero ikimtiririkia shingoni, kisha majivu ya jikoni kwa mama, kiganja kimoja kimoja kama anayetia chumvi, kisha udongo mweusi, na maji. Halafu anaanza tena na majani makavu, mpaka lundo likanifika kidevuni. Mwisho akachonga kijiti kirefu cha mvumu, akakichomeka katikati mpaka chini, akafunika lote kwa majani ya migomba. Siku ya tatu akaniita.

"Zaina, kuja. Chomoa."

Nikachomoa. Kijiti kilitoka na moshi. Si moshi, ni mvuke, lakini mimi nilikimbia nikidhani limeshika moto. Rajabu akacheka, akakisogeza kwenye shavu lake, akafumba macho, na mimi nikamwona baba na pasi yake.

"Lundo iko kama mugonjwa," akasema. "Unagusa, inakuambia. Kijiti ikitoka ya moto na jasho, iko muzima. Ikitoka kavu na unga mweupe, ina kiu. Ikitoka ya baridi na inanuka, umeizamisha, imekufa. Na siku inatoka ya baridi lakini inanuka kama mvua ya kwanza, bon, hapo ni chakula. We ndiye muganga wake. Lakini usinidanganye hata siku moja, hata kama umesahau kupima. Sema umesahau."

Akanipa kazi hiyo na akaniamini. Kila asubuhi kabla ya chuo, maana mimi sikusoma ila chuo cha Kurani na miezi michache ya shule, nilichomoa kijiti, nikakiweka shavuni, nikaenda kumwambia. Kila wiki ya tatu alilipindua lundo lote, la chini juu, la pembeni ndani, na lilipopinduliwa lilikuwa na joto la mkate. Nilisema kweli kila siku. Siku mbili nilisahau, nikasema nimesahau. Najitetea, nadhani mnaona.

Mboji ilipoiva ilikuwa nyeusi, laini, inamwagika vidoleni. Akaichanganya na udongo katika mifuko ya mawe, yaani alipanga mawe ya volkano mviringo kama mafiga mengi mengi, katikati akajaza mboji, akapanda mche mmoja mmoja. Mawe yaliyokuwa yameikataa nyanya yakawa yanaitunzia joto la mchana. Miche ilipanda juu mpaka watu wakawa wanasimama barabarani. Mzee Sudi muuza nyama, aliyekuwa na ulimi, akasema: "Rajabu, hizo nyanya au minazi?" Na Bi Hadija, mpishi wa shughuli zote za mtaa, mwanamke mwenye sufuria tatu kubwa ambazo hakumwazima hata kaka yake, alikuja mwenyewe akashika majani, akanusa vidole, akasema: "Hizi zitaingia sufuriani kwangu." Kwa Rajabu hilo lilikuwa kama kusikia amekubaliwa posa.

Ramadhani ikaingia nyanya zikiwa na maua ya juu na matunda ya chini yanaanza kukomaa. Hapo ndipo mche una njaa kuliko wakati wote, na mboji ya lundo la kwanza ilikwisha, lundo la pili lilikuwa bado moto. Samadi ya ng'ombe haikupatikana, maana kiangazi kiliwapeleka ng'ombe malisho ya juu. Rajabu akaweka pipa kuukuu la chuma kando ya ua, akasema ataipikia miche chai. Unatia samadi kavu katika gunia, unalifunga kamba, unalizamisha katika pipa la maji, unakoroga asubuhi na jioni, na baada ya siku saba maji yana rangi ya chai ya rangi, unayapunguza kwa maji mengine na kumwagia kila mche kopo moja mguuni.

"Na sukari umetia?" Shangazi Mwajuma alimuuliza kutoka jikoni.

"Sukari iko huko jikoni, imekataa kutoka," akajibu, na mama akamtupia mwiko kwa kucheka.

Sasa nifike pale nisipopataka. Mwaka ule ndio wa kwanza mimi kufunga. Nilijisifu mtaa mzima. Nilitoa ulimi kuwaonyesha wenzangu jinsi ulivyokuwa mweupe, nikamcheka binti wa jirani aliyefunga nusu siku. Baba alijivuna msikitini kwamba Zaina wake, na umri ule, hajaacha hata moja, na imamu akasema nitasimamishwa siku ya Idi mbele ya wanawake nipewe kitambaa kipya. Nami kweli nilifunga siku kumi na nane. Siku ya kumi na tisa, adhuhuri, jua limesimama juu ya mawe yale meusi na joto linapanda kutoka chini kama kutoka tanurini, niliingia nyuma ya lundo, mahali ambapo mtu wa nyumbani hakuoni, nikakuta nyanya ya chini kabisa imeiva upande mmoja. Sikufikiri. Niliila na ngozi yake na ule upande mbichi, ikanimwagikia kidevuni. Nikala ya pili. Kula kwa siri mchana wa mfungo, watu wa Tanganyika husema kula kobe. Mimi sikujua kwamba kobe mwenyewe ana ladha tamu kiasi kile.

Rajabu akatokea kwenye mwanya wa ua na gunia mgongoni. Aliniona na nyanya iko mdomoni. Hakuna mahali pa kuificha nyanya iliyo mdomoni. Alisimama, mimi nikasimama, nikamwona akiniangalia kama alivyokiangalia kijiti. Halafu akatua gunia, akalifungua pale pale mbele yangu, akachota kiganja akanionyesha: vidonge vikavu vya mbuzi, vidogo, vyeusi, duara kama pilipili manga. "Ya mbuzi," akasema. "Rafiki yangu anachunga mbuzi kule kwa Muzungu, kwenye shamba la zamani. Amenipa bure." Akanimiminia mkononi, nikavifinya, vikavunjika kama nyasi kavu, havinuki kitu. Akafunga gunia, akalizamisha pipani, akaweka jiwe juu. Kisha akachota maji safi kwa kopo akanipa.

"Jifute mudomo," akasema. "Na shingo."

Basi. Hakuniuliza, hakunitisha, hakusema nitamwambia baba yako. Akaenda kuswali adhuhuri. Siku zilizofuata sikula tena, wallahi, lakini nilimkwepa. Nilipima kijiti nikamwambia joto lake nikiangalia miguu yake.

Neno lilianza kwa harufu. Chai ile siku ya tano ya kuiva inanuka, haijalishi ni ya mnyama gani, na mtu aliyefunga pua yake ni kali. Akapita mtu akasema harufu hii si ya ng'ombe. Akapita mwingine akasema Rajabu alionekana akitoka kwa yule Mzungu wa nguruwe na gunia mgongoni. Mambo mawili ya kweli, yalipowekwa pamoja yakazaa uongo, kwamba ni samadi ya nguruwe. Siku ya ishirini na tano hakuna mwanamke aliyekuja kuchungulia nyanya. Wakapita upande wa pili wa barabara wakiinua nguo, kana kwamba ua wetu unamwaga maji machafu. Mama aliacha kuimba jikoni. Shangazi Mwajuma alimuuliza Rajabu kwenye mlango wa uani, nami nilisikia: "Ni ya nini?" Akamjibu, "Ya mbuzi." Shangazi akasema, "Basi waambie." Akasema, "Nimeambia. Hawataki kusikia mimi, wanataka kusikia mutu mwingine."

Kabla sijafika kwenye kikao cha barazani kwa baba, niseme yaliyokuja baadaye, kwa sababu kile cha mwisho nikishakisema sitaki kuongeza kitu. Nyanya zile ziliiva zote kwa mara moja, nyekundu, nzito, mche unalala chini, na hakuna Muislamu hata mmoja wa Mbugangari aliyeonja. Mama alizibeba karai kwa karai mpaka majikoni ya Wazungu kando ya ziwa, na wapishi wao wakamuuliza mbegu hii umetoa wapi. Idi ile Bi Hadija alipika pilau bila nyanya. Mimi nilisimamishwa mbele ya wanawake, nikapewa kitambaa changu, kijani chenye maua, na baba akanishonea gauni kwa macho yake yale yale mabovu, mshono umepinda, na nililivaa mpaka likanibana. Shangazi Mwajuma aliolewa miaka miwili baadaye na dereva wa lori wa Bukavu, mtu mwema, wakazaa watano. Na mwanachuoni mmoja aliyepita kwetu nilipokuwa mama wa watoto wakubwa nilimuuliza, kama swali la jirani, kuhusu mche uliolishwa kinyesi cha nguruwe. Akaniambia wanazuoni wengi wanasema tunda lake si haramu, unaliosha unakula, ardhi inabadilisha. Nikamkaribisha chai. Kumbe hata kama ingekuwa kweli, isingekuwa kitu.

Siku hizi mjukuu wangu Yusufu amesomea kilimo, ana cheti ukutani. Wote wa rika lake walinunua mbolea nyeupe ya dukani, punje kama sukari, na yeye sasa anakwenda huku na huku kuwafundisha watu kurudi kwenye mboji, akiona ameleta jambo jipya. Ana kipimajoto kirefu cha chuma chenye uso wa saa, anakichomeka katika lundo anasoma namba. Nikamwambia lete kijiti. Akacheka, lakini akaleta, nikakiweka shavuni, nikamwambia lina kiu. Akasoma kipimajoto chake, akachimba mkono ndani, kulikuwa kukavu na unga mweupe. Aliniuliza nani alinifundisha. Nikasema babu yako mmoja, nikamwacha atafute mwenyewe ni yupi, na hayupo. Nyanya ziko sokoni leo mwaka mzima, nzuri kutazama, ngumu kama mpira, zinavuka mpaka na kurudi, na hakuna anayeuliza zilikula nini. Sijui kama huo ni ujinga au ni nafuu. Sisi tuliuliza mno. Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata; na kata ikinyamaza, watu hujisemea wanachotaka kuhusu mtungi.

Shangazi Mwajuma nilimwambia akiwa mgonjwa, mzee, kitandani Bukavu, mwaka aliokufa. Nilivuka nikaenda kwa ajili hiyo. Nikamsimulia nyanya, lundo, vidonge vya mbuzi mkononi mwangu, yote. Kisha akasema: "Nilijua ulikula. Mbegu ilikuwa imekukauka kwenye ukosi wa gauni, mimi ndiye niliyelifua." Nikafikiri amenisamehe. Akageuza uso ukutani akasema: "Sikujua ulikuwa umeona."

Ilikuwa siku ya ishirini na sita ya mfungo, baada ya alasiri, kwenye baraza la baba, kati ya cherehani na ngazi. Walikuwapo watu tisa, niliwahesabu kwa sababu niliogopa kuangalia kitu kingine. Gunia lilikwisha kutolewa pipani na kufunguliwa, na ndani mlikuwa na uji mweusi tu, siku saba za maji zimemaliza kila umbo, hakuna aliyeweza kusema ni ya mbuzi wala ya nini. Bi Hadija alikaa kwenye mkeka, mikono imelala magotini. Simlaumu. Mpaka leo namwona alikuwa mkweli kuliko wote.

"Miye sina ugomvi na mtu," alisema. "Lakini sufuria ni zangu na mkono ni wangu. Nikiwalisha watu najisi siku ya Idi, kesho mbele ya Mungu atasimama nani, Rajabu ama mimi?"

"Shahada yenyewe bado mbichi," Mzee Sudi akasema, "kama nyanya zake." Wawili wakacheka, wakaacha.

Baba alimtazama Rajabu, au alitazama pale sauti yake ilipokuwa, maana kwa mwanga wa jioni hakuona vizuri. "Mwanangu," akasema, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, "hapa hakuna hakimu. Msahafu uko ndani. Weka mkono juu yake, sema ni ya mbuzi, na watu wakafuturu kwa amani. Siku ya tatu ya Idi iko pale pale."

Rajabu alikuwa amesimama chini ya ngazi, miguu ina matope, kofia kichwani.

"Baba," akasema, "mi niliapa mara moja. Siku nilitamka shahada, hapa hapa, we ulinishika mukono. Kama ile haitoshi, hata nikiapa mara mia haitatosha. Siapi tena kwa ajili ya mavi."

Watu wakanung'unika. Mzee Sudi akasema, "Anakataa msahafu, mnasikia?" Baba akainua mkono wanyamaze. Jasho lilikuwa linamdondoka puani kama siku ile ya suruali. "Basi usiape," akasema. "Mtu mmoja tu wa kwetu anitosha. Nani alikuona unajaza pipa? Mtaje. Hata awe mtoto."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, sindano mkononi, uzi haujavuka. Wanasema penye wazee hapaharibiki neno. Neno lilikuwa kinywani mwangu, ni fupi, ni maneno mawili, nimeona mimi. Na nyuma yake lilikuja lile lingine: ulikuwa unafanya nini kule adhuhuri, Zaina? Nikauona ulimi wangu mweupe niliowaonyesha wenzangu. Nikakiona kitambaa. Nikamwona baba anajivuna msikitini. Rajabu akayapitisha macho yake juu ya watu, mmoja mmoja, Bi Hadija, Mzee Sudi, Shangazi Mwajuma dirishani, na yakafika kwangu. Nilingoja yasimame. Hayakusimama. Yalipita juu yangu kwa mwendo ule ule yaliowapitia wengine, yakaenda kwa baba.

"Hakuna mutu," akasema.

Huo ndio uongo pekee niliopata kumsikia akisema. Baba akainamisha kichwa. Bi Hadija akasema, pole pole, bila ubaya, "Basi mimi sipiki," akaanza kukunja mkeka.

Rajabu hakungoja wamalize. Alizunguka nyumba, nami nikapenya jikoni nikatokea nyuma, karibu na mawe. Alisimama mbele ya lundo la pili. Akachomoa kijiti, akakiweka shavuni, akafumba macho kama kawaida yake, kisha akakirudisha pale pale kilipotoka, akafunika tundu kwa jani la mgomba ili joto lisitoke. Alijua niko pale. Alisema, bila kugeuka, "Kesho pima," kama siku yoyote, akapita kwenye mwanya wa ua alioupitia na gunia, akashika njia ya kwenda mpakani, Goma ng'ambo. Mama alidhani amekwenda kutia udhu, magharibi ilikuwa imekaribia, akamwekea bakuli lake la uji na kulifunika kwa sahani. Mimi nilimfuata mpaka mwisho wa ukuta wa mawe. Alitembea bila haraka, mikono mitupu, kama mtu anayekwenda jirani kuazima jembe, akapita chini ya mikaratusi, na pale njia inapopinda sikumwona tena. Adhana ikalia. Kesho yake nilipima, kijiti kilikuwa cha moto na jasho, nikakaa nacho shavuni mpaka kikapoa, na hapakuwa na wa kumwambia.